Shangazi, mti ule hauna mashetani

Shikamoo Shangazi. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Umeuliza kwa nini kwenye picha niliyokutumia nimekaa ndani ya mti, tena makaburini kwa watu, na kama kweli naishi vizuri huku au nawaficha.

Pale ni Much Marcle, kijiji cha Herefordshire, magharibi mwa Uingereza. Mti unaitwa yuu, nao uko uani mwa kanisa. Kanisa ni la karne ya 13, na mti wanaukadiria miaka zaidi ya 1,500. Umri kamili hauhesabiki, kwa sababu yuu mzee huoza kiini, zile pete za shina zinazohesabiwa kujua miaka zikapotea, huku nje ukizidi kuchipua. Ndiyo maana una chumba ndani, na humo wameweka benchi. Najua unawaza mibuyu ya Pangani na onyo lako la kutopita chini yake wakati wa magharibi. Huu nimeukalia jioni nyingi, sijaona kitu.

Maisha, Shangazi, ni kazi. Nahudumia wazee majumbani mwao: nawaogesha, nawalisha, nawapa dawa. Mshahara unalipa kodi ya nyumba na unabaki wa kuwatumia. Ninachokosa ni mtu wa kunipigia hodi. Mwaka wa kwanza nilimaliza miezi minane bila mgeni hata mmoja kuingia chumbani kwangu. Nilikuwa nikiwaambia "niko salama" kisha nalia kwenye basi.

Mti nilioneshwa na bibi mmoja ninayemhudumia. Mumewe kazikwa pale. Siku moja nilimsukuma kwa kiti chake cha magurudumu hadi kwenye uwazi wa shina, akanyoosha mkono akapapasa mbao, ukabaki na vumbi jekundu la magamba. Hakusema neno, nami sikuharakisha. Mvua ilikuwa ikinyesha nje, ndani tulikuwa wakavu.

Tukiwa njiani kurudi akaniambia nisiguse mbegu zake. Yuu ni sumu, majani na mbegu. Ng'ombe akila anakufa. Nyama nyekundu ya tunda ndiyo pekee isiyo na sumu. Kisha akasema majani hayohayo ndiyo yaliyotoa dawa ya saratani aliyotibiwa yeye. Nikamwuliza jina. Docetaxel.

Shangazi, hilo jina unalijua. Lilikuwa kwenye karatasi za Mama. Wewe ndiye uliyekuwa ukikaa naye anapotundikiwa dripu, unamshika mkono, unanipigia niongee naye. Mimi nilikuwa huku, vibali havijatoka, siwezi kutoka nikarudi. Mkamzika, nikaangalia maziko kwenye simu, kesho yake alfajiri nikaingia zamu kwa sababu sikuruhusiwa kukosa. Sikukaa matanga, sikushika udongo. Hilo ndilo nililokuwa nawaficha, kwamba bado sijamlilia Mama ipasavyo.

Sasa nikipata nafasi napanda basi naenda pale. Nakaa kwenye benchi, naegemea ubao uliolainika kwa migongo ya watu, namwombea. Picha ile nilijipiga siku Mama alipotimiza miaka miwili tangu afariki.

Jumapili niko huru kuanzia saa nane mchana, kwenu itakuwa jioni. Nitakupigia kwa video nikiwa mle ndani uuone vizuri. Nikianza kulia usikate simu.