Kabla hujameza kapsuli ya vidonda vya tumbo

Nauza viazi soko la Mwanjelwa. Alfajiri huwa niko Uyole nasubiri magunia, na anayeijua Mbeya ya Juni na Julai anajua baridi ya saa kumi na moja pale ilivyo. Kwa miaka miwili nilikuwa nafika pale chembe ya moyo inawaka, kiungulia kimepanda hadi kooni, na usiku saa nane maumivu yalikuwa yameshaniamsha.

Dawa nilikuwa nayo. Omeprazoli, kapsuli za miligramu 20, nazinunua duka la dawa bila kupimwa. Nilikuwa nameza moja maumivu yakinishika, mara nyingi baada ya ugali wa mchana, nasubiri dakika kumi, naona kimya. Kesho naacha. Nikaanza kuwaambia wenzangu kuwa ni dawa feki.

Daktari aliyekuja kunisaidia aliniuliza jambo moja tu kwanza: "Mama, unaimeza saa ngapi?"

Akanieleza kwamba kwenye ukuta wa tumbo kuna vipampu vidogo vinavyomwaga tindikali, na vinaamka kwa wingi tunapokula. Omeprazoli hufunga vipampu vilivyo kazini. Kwa hiyo inatakiwa iwe imeshaingia kwenye damu chakula kinapofika: unaimeza na maji nusu saa hivi kabla ya chai ya asubuhi, kila siku, na unaipa siku kadhaa ifikie nguvu yake. Haizimi moto papo hapo. Anayetaka nafuu ya haraka ana vidonge vya kutafuna vinavyopunguza makali ya tindikali iliyokwisha kumwagika, ila nafuu yake haidumu. Na kapsuli usiifungue ukasaga zile punje za ndani, maana zimefunikwa makusudi zisiharibiwe na tindikali kabla ya kufika kwenye utumbo.

Sasa naimeza saa kumi kasoro robo, nikiamka, kisha ndiyo naweka chai jikoni. Mabadiliko niliyaona ndani ya wiki ya kwanza.

Lakini swali lake la pili ndilo lililonikalisha chini. Kwa ajili ya mgongo, kazi ya magunia, nilikuwa nameza diklofenaki karibu kila jioni. Dawa za maumivu za kundi hilo, ibuprofeni na aspirini zikiwemo, hudhoofisha ute unaolinda ukuta wa tumbo. Miaka yote miwili nilikuwa natonesha kidonda kilekile ninachokitibu, na hakuna aliyeniuliza, wala mimi sikusema.

Kisha kipimo cha choo. Kilionyesha nina bakteria wa tumbo, Helicobacter pylori. Zamani watu waliambiwa vidonda ni mawazo na pilipili, mpaka Waaustralia wawili, Barry Marshall na Robin Warren, walipoonyesha kuwa bakteria huyu ni chanzo kikubwa. Mwaka 1984 Marshall alikunywa bakteria hao mwenyewe, akaugua uvimbe wa tumbo. Mwaka 2005 wakapewa Tuzo ya Nobel. Nilipewa omeprazoli pamoja na antibayotiki mbili, siku 14, asubuhi na jioni. Mdomo ulikuwa mchungu kama nimelamba sarafu, nikatamani kuacha siku ya sita. Usiache. Na ukienda kupima, mwambie daktari kama unatumia omeprazoli, kwa sababu inaweza kuwaficha bakteria. Mimi niliambiwa niisimamishe wiki mbili kabla ya kipimo cha marudio.

Waliotumia miezi mingi wasikatishe ghafla bila kuongea na daktari. Tindikali inaweza kurudi kwa nguvu kwa muda, mtu akadhani kidonda kimerudi.

Maziwa, ambayo huku kwetu kila mtu anakushauri, hutuliza kidogo halafu tumbo linaongeza tindikali. Mimi nimeyabakiza kwenye chai tu. Chakula cha usiku nakula mapema, masaa matatu kabla ya kulala, na nimeinua kitanda upande wa kichwani kwa vipande viwili vya mbao. Kwa kiungulia, hilo limenifaa sana.

Kuna dalili ambazo si za duka la dawa: kutapika damu, kupungua mwili bila sababu, chakula kukwama kooni, choo cheusi kinachonata kama lami. Jirani yangu wa meza ya pili sokoni alipata choo cha namna hiyo akadhani ni mboga za majani alizokula. Siku ya tatu alianguka kati ya magunia, tukamkimbiza hospitali, akaongezwa damu na kulazwa siku sita. Kapsuli alizokuwa akitulizia tumbo mwezi mzima nilimgawia mimi, kutoka kwenye pakiti yangu. Amepona, ameshanisamehe. Siku hizi mtu akiniomba hata moja simpi. Namwachia mwanangu meza, namsindikiza akapime.