Maswali na majibu: Kisima kimeingia chumvi, tuchimbe zaidi?

SWALI: Nina nyumba ya wageni Jambiani, Unguja. Kisima chetu kina mita 14 na miaka yote maji yake yalikuwa baridi, yaani hayana chumvi. Tangu tuweke pampu kubwa, yanatoka na chumvi. Fundi anasema tuongeze hadi mita 40, eti maji matamu yako chini zaidi. Mwingine anatuuzia shabu. Tumsikilize nani?

JIBU: Dada, usimsikilize hata mmoja. Wa shabu simalizii wino: shabu hukusanya tope likazama, lakini chumvi si tope, imeshayeyuka. Kuchemsha nako ni vilevile. Mvuke unaondoka, chumvi inabaki sufuriani, na maji yanazidi kukolea.

Huyu wa mita 40 ndiye anayenikera, maana analipwa kwa mita. Kila mwezi napokea mtu aliyekwisha kuchimba, pesa imeliwa, na alichopata ni bahari.

Watu hudhani maji ya chumvi ni maji yale yale yaliyobadilika ladha tu. Ni mazito zaidi. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi ya kama gramu 35 na uzito wake ni gramu 1,025 hivi, wakati lita ya maji safi ni 1,000. Tofauti ni ndogo, lakini ndiyo inayotawala kisima chako. Upande wenu ni jiwe la matumbawe lenye matundu. Bahari inapenya humo hadi chini ya nyumba, na maji ya mvua yanaelea juu yake kama mafuta juu ya mchuzi. Kwa hesabu ya uzito huo, kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari inabeba kama mita 40 chini ya usawa huo. Tuseme kwenu yamepanda sentimita 30 tu: maji baridi yanaishia mita 12 chini ya bahari. Pampu ikiyashusha sentimita 10 na ukaendelea hivyo, chumvi inaweza kupanda mita 4. Ndiyo iliyokufikia. Sasa fundi anataka umfuate adui nyumbani kwake!

Mafundi hawa hupenda kutaja Kimbiji, kusini mwa Dar es Salaam: kule maji baridi yako mamia ya mita chini. Kweli, lakini kule kuna matabaka ya mchanga na udongo wa mfinyanzi, si tundu za matumbawe.

Fanya hivi. Rudisha pampu ndogo, uipandishe karibu na uso wa maji, uvute kidogo kidogo mchana kutwa ukijaza tangi, badala ya kunyonya saa moja kwa nguvu. Sehemu ya chini ya kisima izibwe kwa saruji. Halafu uwe na subira: chumvi hurudi chini polepole, pengine mpaka mvua za masika zipite. Ya kunywa, kinga mvua ya paa. Zipo mashine za kusukuma maji kwenye utando, na hizo kweli hutoa chumvi, ila zinabakiza maji yenye chumvi kali zaidi. Nimeona mtu akiyamwaga kwenye shimo hatua kumi kutoka kisimani.

Wala usidhani inahitajika bahari nyingi. Mililita 400 za maji ya bahari kwenye ndoo ya lita 20 zinatosha ulimi kulalamika. Na maji hayo baridi mnayoyavuta ni tandiko moja, lenu na la jirani, na la hoteli ya pili yenye bwawa la kuogelea. Atakayechimba mita 40 ataharibu maji yake na yako. Kabla hujamlipa mchimbaji yeyote pwani, mwambie akuonyeshe kipimo cha chumvi cha visima vya jirani, kilichopimwa bahari ikiwa imejaa na ikiwa imekupwa. Akikuonyesha kijiti cha kutafutia maji, mpe chai aende zake.