Kibali cha kazi kimefika, lakini uliomba nini?

SWALI: Wakili, salamu. Mimi ni Mkenya, mzaliwa wa Mombasa, naishi Dallas. Niliingia Marekani mwaka 2013 kwa viza ya matembezi ya miezi sita, sikurudi. Nahudumia wazee majumbani, na nina mtoto wa miaka tisa aliyezaliwa hapa. Mwaka jana mzee mmoja anayetujazia fomu za kodi aliniambia kuna grini kadi (kibali cha ukazi wa kudumu) ya miaka kumi, kwamba serikali humpa mtu aliyekaa miaka kumi bila kosa na mwenye mtoto raia. Nilimlipa dola 3,500, nikatia saini karatasi alizonipa, na miezi ilipopita kibali cha kazi kikaja kwa posta. Tulifurahi sana. Sasa nimepata barua ya kuitwa kwenye usaili wiki tatu zijazo. Mzee anasema ni mambo ya kawaida, niende tu nijibu ndiyo. Nijiandae vipi? Na baada ya usaili, grini kadi huchukua muda gani?

JIBU: Dada yangu, kabla hatujafika kwenye maandalizi, toa hicho kibali kwenye pochi ukitazame. Upande wa mbele, pale panapoonyesha kundi la kibali, pana herufi moja na tarakimu mbili. Kwa maelezo yako, itakuwa C08. Alama hiyo hupewa mtu wa aina moja tu: aliyeomba hifadhi, yaani kulindwa kwa kuhofia mateso nchini kwake, na ombi lake halijaamuliwa. Grini kadi hukuiomba. Umeomba hifadhi, kwa fomu I-589, na ndani ya fomu hiyo kuna maelezo ya mateso uliyoyapata Kenya, au unayoyahofia ukirudishwa, yakiwa na jina lako na saini yako. Usaili ulioitiwa ni wa maelezo hayo. Afisa atakuapisha, kisha atakuuliza nani alikutesa, lini, wapi, na kwa nini ulikaa miaka yote hii bila kusema. Ukijibu "ndiyo" kama ulivyoelekezwa, utakuwa umeapia jambo ambalo hujawahi kulisoma.

Barua kama yako nazipata karibu kila wiki, na karibu zote zina sentensi ileile: kibali kimefika, kwa hiyo mambo yanakwenda vizuri. Hayaendi vizuri. Kibali cha C08 hakina maana kwamba kuna mtu serikalini amelipima ombi lako akaliona lina uzito. Sheria inamruhusu anayesubiri uamuzi wa hifadhi kuomba ruhusa ya kufanya kazi, na ruhusa hiyo haitolewi kabla ya siku 180 kupita tangu ombi lilipowasilishwa. Siku zikitimia na ombi likiwa bado halijaamuliwa, kadi inachapishwa. Anaipata aliyekimbia risasi, na anaipata aliyeandikiwa hadithi na jirani. Watu wa fomu wanalijua hili vizuri sana, na ndiyo biashara yao yote. Wanajua ukishaishika ile kadi utamalizia malipo, utawaleta dada zako na wenzako wa kanisani, na hutauliza tena ni kitu gani kiliombwa.

Sasa hiyo "grini kadi ya miaka kumi". Hakuna ofisi yoyote nchini Marekani ambako mtu hupeleka ombi la kupewa grini kadi kwa kuwa amekaa miaka kumi. Kilichopo ni utetezi ndani ya kesi ya kuondolewa nchini. Uliwekwa na sheria ya mwaka 1996, huombwa kwa fomu EOIR-42B, na huombwa mbele ya jaji wa uhamiaji peke yake. Maana yake, ili uuombe, lazima kwanza serikali iwe imekushtaki ikitaka kukuondoa. Ukishindwa, jaji anatoa amri ya kukuondoa.

Na kushinda si rahisi. Miaka kumi ya kukaa mfululizo na tabia njema ni mwanzo tu. Mzigo mkubwa ni kuthibitisha kwamba ukiondolewa, mume, mzazi au mtoto wako aliye raia au mkazi wa kudumu atapata taabu ya kipekee, iliyopita kabisa ile ambayo familia yoyote huipata mzazi anapoondolewa. Taabu yako wewe mwenyewe haihesabiwi. Baraza la Rufaa za Uhamiaji lilishaeleza mwaka 2001 kwamba kipimo hiki kiko juu sana, na kwamba hali ngumu ya maisha ya kule mnakorudi kwa kawaida haitoshi yenyewe. Mtoto mwenye maradhi mazito yanayotibiwa hapa, au mwenye ulemavu unaohitaji walimu maalumu, huyo kesi yake inasikilizwa kwa namna nyingine. Mtoto mwenye afya, anayesoma vizuri na anayempenda mama yake, jaji atamwonea huruma, lakini mara nyingi huruma hiyo haifiki kwenye kipimo cha sheria. Juu ya hayo, nafasi zinazotolewa kwa mwaka ni 4,000 kwa nchi nzima, na mahakama hizi zina kesi zaidi ya milioni 3 zinazosubiri.

Basi huyo mzee alifanya nini hasa? Ombi la hifadhi linatakiwa kuwasilishwa ndani ya mwaka mmoja tangu mtu alipoingia. Mwaka wako ulikwisha 2014. Zipo njia za kusamehewa kuchelewa, kwa mfano hali ya nchi ikibadilika au mtu akiwa na sababu nzito iliyomzuia, lakini hakuna dalili kwamba mzee alikuuliza habari hizo. Aliwasilisha ombi ambalo kwa sura yake lilikuwa limechelewa. Afisa asipolikubali, na wewe huna hadhi nyingine halali ya kukaa nchini, faili linapelekwa mahakamani pamoja na hati ya kukuita kujibu kesi ya kuondolewa. Huko ndiko alikotaka ufike, ili aseme hatua ya pili imeanza. Amekupeleka kwenye kesi ya kufukuzwa, kwa pesa yako, bila kukuambia. Na yeye si wakili, hawezi kusimama nawe mbele ya jaji hata dakika moja.

Kwa aliyekaa miaka saba au minane, mchezo huu ni mbaya zaidi. Hesabu ya miaka kumi husimama siku anapopewa hati kamili ya kumwita kujibu kesi hiyo ya kuondolewa. Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema mwaka 2021 kwamba lazima iwe hati moja yenye taarifa zote zinazotakiwa, pamoja na siku na mahali pa kufika. Akishapewa hati ya namna hiyo akiwa na miaka minane, mlango aliouziwa umefungwa na yuleyule aliyemuuzia.

Turudi kwako, maana wiki tatu ni chache. Leo hii mwambie mzee akupe nakala ya kila alichotuma. Usimwombe kwa kunyenyekea, ni faili lako. Ukiipata, fungua mwishoni, sehemu E, ambapo aliyemjazia mwombaji fomu anatakiwa kujitambulisha na kutia saini. Mara nyingi naikuta tupu. Wakati huohuo tafuta wakili wa kweli. Uhamiaji ni sheria ya taifa, kwa hiyo leseni ya jimbo lolote inafaa, na kila jimbo lina ukurasa wa mawakili wake ambapo unaandika jina la mtu ukaona kama leseni yake ni hai. Kama huna pesa, yapo mashirika ya misaada yenye wawakilishi waliopewa idhini na Wizara ya Sheria, na orodha yao iko wazi kwa umma. Atakayekuwakilisha atajaza fomu G-28, ya kujitambulisha kama mwakilishi wako. Asiyeijaza hakuwakilishi, hata akivaa suti.

Usikose usaili kimyakimya. Kama wakili anahitaji muda, ombi la kuahirisha lipelekwe kabla ya siku yenyewe. Mkalimani wa Kiswahili unakwenda naye wewe, awe na umri wa miaka 18 au zaidi, na asiwe wakili wako wala shahidi wako. Asiwe huyo mzee pia.

Nililolihofia tangu niliposoma barua yako ni hili. Ikithibitika kwamba mtu alitunga kwa makusudi jambo la msingi katika ombi la hifadhi, baada ya kupewa onyo ambalo limechapishwa kwenye fomu yenyewe, anafungiwa milele karibu manufaa yote ya uhamiaji. Hata akiolewa kesho na raia kwa ndoa ya mapenzi, hana pa kupita. Kwa hiyo kama kuna uongo kwenye karatasi zile, mahali pa kuuondoa ni mwanzoni kabisa, kwa hiari yako na wakili akiwa kando yako, si baada ya kubanwa na maswali. Kulifuta ombi nako ni uamuzi wa kupimwa na wakili, kwa sababu kulifuta hakukuhakikishii kwamba hutapelekwa mahakamani. Na kama kweli kuna jambo unaloliogopa nyumbani, ambalo hujamwambia mtu, mwambie wakili sasa.

Una kitu cha thamani ambacho mzee hakukuambia, labda kwa kuwa hakina pesa kwake. Uliingia kwa viza na ukakaguliwa mpakani. Mwanao akifikisha miaka 21 anaweza kukuombea, na kwa sheria ilivyo mzazi wa raia aliyeingia kwa kukaguliwa anaweza kukamilisha grini kadi akiwa humuhumu nchini, hata kama muda wa viza ulikwisha. Ni miaka 12 mbele, ni mbali, lakini ni njia ya kweli. Itunze. Pasipoti yenye muhuri wa 2013 usiitupe hata kama imeisha. Usitoke nchini kwenda kuzika wala kuozesha kabla hujazungumza na wakili, kwani aliyekaa bila hadhi mwaka mmoja au zaidi akitoka anazuiwa kurudi kwa miaka 10. Na ujikumbushe ulivyojaza fomu I-9, ile ya kuthibitisha kwa mwajiri kwamba unaruhusiwa kufanya kazi, kwa waajiri wako wa nyuma. Kisanduku cha kwanza pale kinasema mimi ni raia wa Marekani. Wako watu waliokitia alama kwa kuambiwa na mwenzao "weka hapo, hawaangalii". Kudai uraia kwa uongo kunafunga njia ya grini kadi kupitia mtoto au mume, na kosa hilo halina msamaha kwenye ombi hilo. Kama uliweka, wakili alijue kabla ya mtu mwingine yeyote.

Wengine mnaosoma hili, tazameni kadi zenu leo. Ninaposikia kijana akishauriwa "jilipue tu, kila mtu anajilipua", yaani aombe hifadhi kwa hadithi ya kutunga, moyo unanipasuka, kwa sababu anayeshauri hatakuwepo kwenye kiapo. Tazameni pia anwani iliyo kwenye fomu. Wapo wajazaji wanaoandika anwani yao ili barua zipite kwao kwanza. Wito wa mahakama ukilala kwenye droo ya mtu mwingine, jaji anatoa amri ya kuondolewa bila wewe kuwepo, na utakuja kuijua siku umesimamishwa barabarani. Ukihama, USCIS, idara ya uhamiaji inayopokea maombi haya, iarifiwe ndani ya siku 10 kwa fomu AR-11, na kama una kesi, mahakama iarifiwe kwa fomu yake ndani ya siku 5 za kazi. Kuarifu upande mmoja hakuufikii mwingine.

Dada, zile jumbe za WhatsApp za mzee na risiti ya dola 3,500 usizifute. Wakili atazihitaji kuonyesha nani aliyeandika maelezo yale, na malalamiko dhidi ya watu wa namna hii hupokelewa na ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Texas.