Chai ya tangawizi kwa tumbo lililojaa: usitie maziwa

Futari ya muhogo wa nazi, juu yake sambusa na kachori, haichelewi kulijaza tumbo upepo. Birika linatiwa jikoni, tangawizi inapondwa. Dawa ni sahihi, ila chai ya maziwa na sukari tele si ya kazi hii: mtu ambaye tumbo lake halipatani na maziwa atazidi kujaa.

Chagua tangawizi iliyokomaa, ngumu, ukiivunja inaonyesha nyuzi. Changa ina maji mengi na ukali kidogo. Iliyolegea au yenye ukungu iache hukohuko sokoni Darajani. Ioshe hadi kwenye maungio, maana udongo hujificha hapo, kisha ikwangue kwa ncha ya kijiko. Kipande cha urefu wa kidole gumba kinatosha vikombe viwili vya maji. Kiponde kwenye kinu. Kikitiwa kizima, ukali unabaki ndani. Anza na maji baridi, funika, yakishachemka punguza moto uache dakika 10. Bila kifuniko, mafuta yenye harufu yanaondoka na mvuke. Chuja.

Kunywa nusu kikombe, vuguvugu, kwa mafunda madogo. Mwenye kichefuchefu akikigida chote kwa mpigo atakitapika. Tangawizi husaidia tumbo kusukuma chakula kwenda kwenye utumbo, ndiyo maana uzito hupungua. Asali kijiko kimoja haina neno. Ndimu ni hiari, lakini si kwa mwenye kiungulia. Huyo hata tangawizi yenyewe huweza kumchoma zaidi.

Na siku unayotaka ya maziwa kwa raha zako, chemsha tangawizi kwanza kwenye maji. Mbichi ikiingia kwenye maziwa ya moto huyakata, kwa sababu ina kimeng'enya kinachoyagandisha.

Kuharisha ni jambo jingine. Hapo kinachotangulia ni maji na chumvi: pakiti ya ORS kwenye lita 1 ya maji safi, au ikikosekana, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, visiwe vya mlima. Choo kikiwa kama maji ya mchele, au kikiwa na damu, nenda kituo cha afya saa ileile.

Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarin, amuulize daktari kabla ya kuifanya kinywaji cha kila siku.