Kabla Hujachorwa Tatuu ya Kijapani, Jua Nani Anaandamana na Nani

Wiki hii msomaji mmoja kanitumia picha ya mchoro anaotaka kuchorwa mkono mzima: samaki koi begani, maua ya sakura (mcheri) yamemwagika kila upande, na chini yake majani mekundu ya momiji (mti wa maple) yanaelea majini. Anauliza kama maana yake ni "nguvu na bahati". Namjibu hapa hadharani kwa sababu swali hili linaletwa kila mara, na kila mara linaanzia pabaya. Watu wanataka orodha: joka ni hiki, simbamarara ni kile. Tatuu ya jadi ya Kijapani, irezumi, haisomwi kipande kipande. Unamtazama mhusika mkuu, ua au jani linaloandamana naye, kisha usuli unaowazunguka wote. Vikikosana, hakuna kinachosomeka, hata kama kila picha peke yake ni nzuri.

Tumchukue huyo koi. Hadithi yake imetoka China: samaki wanapanda Mto Njano kwenda juu hadi maporomoko ya Lango la Joka, na atakayefaulu kuyaruka anageuka joka. Sifa yake ni kukaza mwendo dhidi ya maji. Kwa hiyo kichwa kielekee juu, na maji yaonekane yanamsukuma. Koi asiye na mawimbi ni samaki tu. Majani ya momiji yanamfaa sana, kwani huanguka mtoni wakati wa mapukutiko. Sakura ni ua la machipuko. Huchanua kwa siku chache na kupeperuka, na ndiyo maana hukumbusha ufupi wa maisha. Ukiviweka vyote viwili kwenye maji yaleyale, umechora misimu miwili mahali pamoja. Najua lipo pambo la unkin linalounganisha sakura na momiji kwenye vyombo vya udongo, lakini mchoraji wa jadi, horishi, kwa kawaida hushika msimu mmoja. Chagua mmoja, ndugu yangu. Kwa koi wako, ningebaki na momiji.

Jozi ninayoipenda kuliko zote ni karajishi, yule simba wa kufikirika mwenye manyoya ya mawimbi, pamoja na ua la botan, yaani peoni. Yeye ni mfalme wa wanyama, na botan ni mfalme wa maua. Inasimuliwa kwamba adui pekee anayemtisha simba huyu ni mdudu anayekaa ndani ya mwili wake mwenyewe, na umande wa botan ndio unaomwua mdudu huyo. Ndiyo maana hulala chini ya maua hayo. Tazama uzito wa jambo hilo: mwenye nguvu zote anahitaji hifadhi ya ua. Mchoraji akikuwekea simba huyo na waridi la kizungu, hadithi yote imekufa.

Joka ni mnyama wa maji na mawingu, mleta mvua. Wazima moto wa Edo, Tokyo ya zamani, walijichora majoka kwa sababu hiyohiyo. Hesabu kucha kabla hujakubali mchoro: joka la Kijapani kwa desturi lina kucha 3 kila mguu, na lenye 5 lilikuwa la mfalme wa China. Simbamarara yeye ni wa upepo na mianzi. Fudo Myoo, mlinzi wa Kibudha mwenye upanga mkono wa kulia na kamba wa kushoto, hukaa ndani ya miali ya moto; usimtie kwenye mawimbi kwa sababu tu mchoraji anajua kuchora mawimbi. Wala usimweke chini ya kiuno. Huyo ni wa kuheshimiwa, na waumini wake wapo hai. Kinyago cha hannya nacho wengi hukiita shetani, kumbe ni mwanamke aliyeliwa na wivu. Kikiinamishwa kidogo, uso uleule wa hasira unaonekana kama unalia. Muulize mchoraji wako kichwa kiinamishwe kiasi gani. Asipokuelewa, ondoka.

Sasa usuli, ambao wengi huudharau na ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Kwanza huchorwa mistari ya nje, sujibori, mwili mzima wa mchoro. Halafu kivuli cheusi, bokashi, kikififia taratibu kutoka giza hadi ngozi tupu. Rangi huja baadaye. Ngozi tupu ni sehemu ya mchoro; mchoraji anayejaza kila nafasi anaua mwendo wa upepo na maji. Usimbane mhusika awe mdogo ili vitu vingi vienee, kwani wino husambaa kidogo chini ya ngozi kadiri miaka inavyopita, na magamba au vidole vya mawimbi vilivyosongamana hugeuka doa. Kwa ngozi nyeusi kama za wengi wetu, utegemee wino mweusi na nafasi pana. Nyekundu iliyokolea huonekana, ila njano na waridi hafifu hupotea. Mwombe akujaribie rangi sehemu ndogo, usubiri ipone kabisa, ndipo uamue.

Wengi wa wahusika hawa walipata sura tunayoijua kwenye michoro iliyochapwa kwa mbao za kuchongwa ya Utagawa Kuniyoshi, aliyeanza mwaka 1827 kuwachora mashujaa wa Suikoden, riwaya ya kale ya Kichina, akiwemo Shishin mwenye majoka 9 mwilini. Itazame hiyo kabla ya picha za mtandaoni. Ona jinsi joka linavyozunguka bega badala ya kubandikwa juu yake.

Amua mapema mchoro unaishia wapi. Gobu huishia juu ya kiwiko, shichibu hupita kiwiko, nagasode hufika kifundo cha mkono. Japani ilipiga marufuku tatuu mwaka 1872, ikaruhusu tena mwaka 1948, na hata leo onsen nyingi, mabafu ya chemchemi za maji moto, humzuia mwenye tatuu mlangoni. Anayetarajia kusafiri huko aulize kila sehemu kabla ya kulipa nauli, kwa sababu hata gobu inayofichwa na shati huonekana mtu akivua nguo.