Jibu: Paradiso na Firdausi, ni neno moja?

Mkuu, umeuliza kama Paradiso na Firdausi yana uhusiano. Ni neno lile lile, limeingia Kiswahili kwa milango miwili. Asili ni Kiavesta, lugha ya kale ya Kiirani: pairi, "kuzunguka", na daeza, "ukuta". Yaani kiwanja kilichozungushiwa ukuta tu, mbingu haimo. Xenophon, mwandishi wa Ugiriki ya kale, alitumia paradeisos kwa Kigiriki akimaanisha bustani za wafalme wa Uajemi, zenye miti na wanyama wa kuwinda. Waliotafsiri Torati kwa Kigiriki wakaliweka kwenye bustani ya Edeni, na hapo ndipo lilipopata utakatifu. Mlango wa pili ni Kiarabu: kina firdaws (Qurani 18:107 na 23:11), ndiyo Firdausi yetu. Peponi usiichanganye humo: ni pepo pamoja na -ni ya mahali.