Mhusika wako wa kwanza awe na shida na watu

Mhusika wangu wa kwanza nilimwandikia historia ya kurasa nne. Nilikuwa najiandaa kwa mchezo wa kuigiza wa Zama za Kati za kinjozi, ile michezo ambayo watu huvaa maleba, hukaa kambini siku mbili tatu na kuishi kama wapiganaji, wachawi na watawala wa nchi isiyokuwepo. Nilimfanya shujaa mpweke, aliyechomewa kijiji, asiyemwamini mtu yeyote. Usiku wa kwanza nilikaa kando ya moto, nimejifunika joho hadi usoni, nikisubiri mtu aje kuniuliza mimi ni nani. Hakuja mtu. Nilikuwa nimeunda mtu asiyetaka kusemeshwa, na wenzangu wakamheshimu.

Mara ya pili nilimwacha shujaa nikaja na karani. Nilikuwa na meza ndogo ya kukunja, kalamu ya unyoya, kichupa cha wino na karatasi nilizoziloweka kwenye chai zikapata rangi ya ukale. Kazi yake ilikuwa kuwaandikia barua wasiojua kuandika, na alikuwa na sharti moja tu: kila barua iwe na shahidi. Sharti hilo ndilo lililonifungulia kambi nzima. Kila mteja aliyekuja, ilibidi tumtafute mtu wa pili, na watu wawili wasiojuana wakijikuta mbele ya meza yangu, tayari kuna jambo.

Jioni ya siku ya pili, baada ya vita vya bondeni, alikuja mama mmoja amevaa deraya, mikono imejaa masizi. Mwanawe, yaani kijana aliyecheza naye kama mwanawe, alikuwa ameuawa mchana ule. Alitaka kumwandikia baba yake mtoto. "Andika: Mume wangu," akasema, kisha akanyamaza. "Futa. Andika jina lake tu." Nikafuta. Tulipofika mwisho nikauliza kama kawaida, "Shahidi ni nani?" Mpiganaji wa upande wa pili, aliyekuwa kwenye foleni akisubiri zamu yake, akasema kwa sauti ndogo, "Mimi. Nilikuwepo." Yule mama akamgeukia. Waliongea karibu nusu saa, na mimi sikufanya lolote zaidi ya kushika kalamu. Mpaka leo naona hiyo ndiyo nusu saa bora niliyowahi kucheza.

Kwa hiyo nikiulizwa na mtu anayeanza, namwambia asianze na historia. Aanze na shida. Mhusika wako anamhitaji nani, na ana nini cha kumpa? Tabibu aliyeishiwa dawa. Mchuuzi anayedai deni kwa mtu ambaye hajawahi kumwona. Kijana anayetafuta bwana wa kumtumikia. Sentensi tatu zinatosha. Yaliyobaki utayajua ukiwa kambini, na yatakuwa mazuri kuliko uliyoyabuni peke yako chumbani.

Uwe tayari pia kubeba shida za wengine. Mfalme wa mchezo hana jeshi wala hazina. Ufalme wake ni vile unavyoinama anapopita. Akija mchawi kukutisha, ogopa. Ukipigwa, uguza jeraha, chechemea, ita tabibu, naye atapata kazi. Anayekubali kushindwa vizuri hutafutwa na kila kundi, na hili wageni wengi huchelewa kulijua kwa sababu wamekuja na hamu ya kushinda.

Lugha isikusumbue. Huna haja ya kusema kama kitabu cha kale. Sema taratibu, waite watu kwa vyeo vyao, na usizungumzie kazini, simu wala foleni ya magari. Hapo umemaliza.

Silaha ni za sponji iliyofunikwa mpira laini, na ndani mara nyingi kuna fimbo ya nyuzi za kioo. Ndiyo maana hukaguliwa kabla ya mchezo, na ndiyo maana upanga wa kawaida wa sponji hauruhusiwi kumchoma mtu kwa ncha: fimbo ya ndani inaweza kutoboa ncha hiyo ikatokeza nje. Unapiga kwa kuzuia mkono, na katika michezo mingi kichwa hakiguswi. Usinunue upanga mapema. Azima, au uwaulize waandaaji, maana wengi wana vya akiba. Pesa yako ipeleke kwenye viatu visivyopitisha maji na nguo za kuvaa mojamoja juu ya nyingine, kwa sababu baridi ya usiku humtoa mtu mchezoni haraka kuliko adui yeyote.

Kabla ya yote hayo, jifunze neno la kusimamisha mchezo na ishara ya kuonyesha kwamba uko nje ya mchezo. Hutofautiana kutoka kundi moja hadi jingine, kwa hiyo uliza, usikisie. Hisia za mhusika huvuja zikamfikia mwenye mwili. Baada ya ile barua niliwafuata wote wawili nikawauliza, kwa sauti yangu mwenyewe, kama wako sawa. Yule mama alikuwa sawa. Mpiganaji alihitaji kukaa kidogo, tukakaa naye.

Kama unaweza kuchagua, anza na mchezo mdogo. ConQuest of Mythodea, kule Ujerumani, hukusanya maelfu ya watu, na mgeni asiye na kundi anaweza kupotea humo. Njia ninayoipenda zaidi ni kujitolea upande wa waandaaji, kucheza mazimwi, majambazi na wajumbe. Utaratibu huo ni wa zamani. Tangu mchezo wa aina hii uitwao Treasure Trap ulipoanza mwaka 1982 kwenye kasri la Peckforton, Uingereza, lazima awepo mtu wa kuvaa sura ya zimwi ili wengine wawe na wa kupigana naye. Unapewa maleba, unapewa kazi moja, unakufa, unarudi ukiwa mtu mwingine. Kwa siku mbili utakuwa umecheza wahusika kumi, na woga umeshakutoka.

Halafu ile dakika ya kwanza. Mchezo ukitangazwa kuanza, wageni wengi hurudi kwenye hema lao kurekebisha mkanda. Wewe nenda hema la jirani ukaombe kitu: chumvi, njia ya kwenda kwa tabibu, mtu wa kukusomea alama iliyo kwenye ngao. Mimi huomba uzi. Joho la karani wangu lina mpasuko begani ambao nauacha makusudi, na kila ninapokwenda hushonwa na mkono mwingine.